Cheti Kabla ya Picha: Uchambuzi wa Faili la Kumwombea Mwenza Viza ya Marekani

Waswahili wa ughaibuni wakikutana, iwe msibani Houston, harusini Minneapolis au kwenye makundi ya WhatsApp ya wanajumuiya, swali la makaratasi ya mume au mke aliyebaki nyumbani halikosi kuibuka. Majibu yake hayafanani. Mmoja anashauri zitumwe picha zote, tangu siku ya posa hadi siku ya kuagana uwanja wa ndege. Mwingine anaapa kwamba alituma cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti basi, akapita. Wa tatu anatoa namba ya simu ya mtu anayejua njia. Huenda wote wanasema kweli kuhusu yaliyowapata wao, na ndiyo sababu ushauri wao unapotosha: faili la ndoa moja si kipimo cha ndoa nyingine, na anayeulizwa ushauri mara nyingi hajui kwa nini lake lilipita.

Uchambuzi huu unahusu ombi linalofanywa na raia wa Marekani, au mkaazi wa kudumu wa nchi hiyo, kwa ajili ya mwenza aliyeko Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba wengi wetu tunaanzia mahali pasipo sahihi. Miezi hupita watu wakikusanya ushahidi wa mapenzi, ilhali hatari kubwa imelala kwenye daftari la usajili: tarehe mbili zisizolingana, jina lenye tahajia tatu, talaka isiyofika mahakamani, cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mwenyewe akiwa na miaka thelathini. Picha elfu moja haziwezi kuziba pengo la aina hiyo.

Ombi na viza ni mambo mawili

Ombi lenyewe ni fomu I-130, ikiambatana na fomu I-130A inayomhusu mwenza, na hupelekwa USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji. Fomu hiyo ina kazi moja tu, nayo ni kuthibitisha kwamba kati ya watu hawa wawili pana ndoa inayotambuliwa na sheria. Ikikubaliwa, hakuna aliyepewa viza wala ruhusa ya kupanda ndege. Faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire, ambako ada hulipwa, fomu DS-260 hujazwa, na vyeti vya kiraia pamoja na kiapo cha udhamini wa kifedha hukusanywa. Mwisho wa safari ni ubalozini, ambako afisa wa kibalozi humhoji mwenza huku vyeti halisi vikiwa mezani. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ombi ni dola 675 likitumwa kwa karatasi na dola 625 kwa mtandao. Ada ya viza ni dola 325, ya kupitia udhamini dola 120, na ya kutengenezewa kadi ya ukaazi dola 235. Hata anayetumia mtandao anamaliza dola 1,305 kabla hajamlipa daktari wa kumpima wala hajakata tiketi.

Hadhi ya mwombaji hubadilisha kasi ya safari. Mwenza wa raia yuko katika kundi la ndugu wa karibu ambalo sheria ya uhamiaji ya 1965 iliendelea kuliweka nje ya kikomo cha idadi ya viza kwa mwaka, kwa hiyo hasubiri zamu, husubiri faili lishughulikiwe tu. Mwenza wa mkaazi wa kudumu yuko kwenye kundi lenye kikomo, na foleni yake hurefuka na kufupika. Aidha, ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku ya kuingia Marekani, mwenza hupewa kadi ya masharti ya miaka miwili, na wawili hao hulazimika kurudi na ushahidi mpya kwa fomu I-751 ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Lipo kundi jingine linalosahaulika, nalo ni la wakimbizi. Mkongomani au Mrundi aliyepelekwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu, aliyekuwa tayari na ndoa kabla ya kuingia, ana fomu yake, I-730, isiyo na ada, lakini inatakiwa iwasilishwe ndani ya miaka miwili tangu aingie nchini. Wapo wanaolipia I-130 kwa kutoijua, na wapo wanaoijua muda ukiwa umeshapita.

Kutenganisha ombi na viza kumekuwa na uzito zaidi tangu Juni 2025, Rais wa Marekani alipotoa tangazo la kuzuia au kubana viza za raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwa miongoni mwao, na orodha hiyo ikaendelea kubadilika baadaye. Vizuizi hivyo hugusa kutolewa kwa viza. Havifuti ndoa wala havimnyimi raia haki ya kuwasilisha ombi. Kwa hiyo faili safi halipotezi thamani kwa sababu ya amri ya msimu, ila mwenye faili hana budi kuangalia msimamo wa ubalozi unaomhusu kabla ya kulipia vipimo vya afya au kuacha kazi.

Shaka ilitoka wapi

Wanandoa wengi huumia wakiona wanaulizwa kana kwamba ni washitakiwa. Shaka hiyo ina historia ndefu kuliko wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya mwaka 1945 iliwaruhusu askari wa Marekani kuleta wake na waume waliowapata ng'ambo. Baadhi ya watu waliitumia kwa ndoa zilizofungwa Paris bila nia ya kuishi pamoja, na mwaka 1953, katika kesi ya Lutwak, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema kwamba uhalali wa sherehe hautoshi; kinachoangaliwa ni kama wawili hao walikusudia kuanza maisha pamoja. Kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo, na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilikitilia mkazo mwaka 1983 katika shauri la Laureano: nia inapimwa kwa jinsi ilivyokuwa siku ya ndoa, na mwenendo wa kabla na baada ya siku hiyo ni dirisha la kuichungulia.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahsusi dhidi ya ndoa za udanganyifu, ndiyo iliyoleta kadi ya masharti. Msukumo wake mkubwa ulitokana na madai ya idara ya uhamiaji ya wakati huo kwamba takriban asilimia 30 ya maombi ya ndoa yalikuwa na harufu ya udanganyifu. Baadaye ilibainika mahakamani kwamba utafiti uliozaa namba hiyo haukuwa na msingi wa kitakwimu. Namba ikaanguka, sheria ikabaki. Adhabu nazo si za kupuuzwa: anayefunga ndoa ili kukwepa sheria ya uhamiaji anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, na mgeni aliyebainika kuhusika hazuiwi kwa ombi hilo tu, huzuiwa pia kwa maombi ya baadaye, hata akija kuoa au kuolewa kwa nia safi kabisa.

Jambo la mwisho katika historia hii ndilo linaloamua mkakati. Ombi la I-130 likikataliwa, mwombaji anaweza kukata rufaa kwenye Bodi. Viza ikikataliwa na afisa wa kibalozi, mlango wa mahakama karibu umefungwa. Juni 2024, katika kesi ya Muñoz, Mahakama Kuu ilisema kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya kutaka mwenza wake mgeni aruhusiwe kuingia nchini. Maana yake ni kwamba udhaifu ulioachwa ndani ya faili ukaenda kugunduliwa ubalozini, umegunduliwa mahali ambapo mtu hana pa kulalamikia.

Kambi tatu na uzito wa kila moja

Kambi ya kwanza ni ya wanaoamini wingi. Hoja yao ina mashiko: mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji, na afisa wa USCIS, kwa wanandoa walio mbali, kwa kawaida huamua kwa karatasi bila kuwaona. Kile ambacho hakimo kwenye faili hakipo duniani. Lakini wingi una gharama ambayo kambi hii haiihesabu. Kanuni zinataka kila waraka usio wa Kiingereza uambatane na tafsiri kamili, pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba yeye anazimudu lugha zote mbili. Kurasa mia nne za mazungumzo ya Kiswahili bila tafsiri ni karatasi tupu mbele ya afisa. Zikitafsiriwa zote, gharama haivumiliki, na ndani yake hupatikana utani, ugomvi wa wiki moja, au tarehe inayopingana na iliyoandikwa kwenye fomu. Kila ukurasa unaoongezwa ni ushahidi, na pia ni mahali pengine pa kukosea.

Kambi ya pili ni ya uchache: cheti cha ndoa, uthibitisho wa uraia, picha mbili za pasipoti, basi, wakitaka zaidi wataandika barua. Ni kweli kwamba idara ina utaratibu wa kuomba ushahidi wa ziada, na ni kweli kwamba baadhi ya mafaili mepesi hupita. Ila barua hiyo si haki ya mwombaji. Idara inaweza kukataa ombi lisilokidhi bila kuandika kwanza, na ikiandika, muda wa kujibu hauzidi wiki 12, hauongezwi, na jibu hutumwa kwa mkupuo mmoja. Mtu anayehitaji nakala ya hukumu ya talaka kutoka mahakama ya mwanzo ya wilayani, ambako jalada limehamishwa mara mbili, anajua wiki 12 ni nini. Kambi hii inaweka rehani muda ambao haiumiliki.

Kambi ya tatu inakabidhi kila kitu kwa mtu. Hapa lazima tutofautishe wakili wa uhamiaji mwenye leseni na kishoka. Wakili ana thamani kubwa pale penye jambo gumu: kukamatwa na polisi siku za nyuma, kuzidisha muda wa viza, ombi la awali lililokataliwa, ndoa zilizotangulia. Kwa faili la kawaida, kazi yake kubwa ni kupanga vyeti ambavyo wanandoa wenyewe ndio wa kuvitafuta, kwa hiyo asiye na uwezo wa kumlipa hajapoteza kila kitu. Kishoka ni habari nyingine. Huahidi cheti ndani ya siku mbili, na cheti hicho huwa hakina ukurasa wake kwenye daftari lolote. Waraka wa kughushi ukigunduliwa, mwenza huwekewa kizuizi cha kudumu kwa kosa la kudanganya, na msamaha wake ni mgumu kupatikana. Watu wenye ndoa ya kweli kabisa wameharibu haki yao kwa cheti cha uongo walichonunua ili kuokoa wiki tatu.

Kambi hizi tatu zinabishana kuhusu kiasi cha karatasi na nani azibebe. Afisa ana maswali tofauti kabisa. Anauliza kama ndoa ilifungwa kisheria mahali ilipofungwa, kama kila mmoja alikuwa huru kuifunga, na kama walikusudia kuishi pamoja. Baadaye kidogo huulizwa nani atamlisha mgeni huyu. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa na vyeti peke yake.

Mnyororo wa vyeti

Tanzania Bara ndoa inatawaliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotambua ndoa ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila, na kuagiza zisajiliwe. Daftari liko chini ya RITA, wakala wa usajili wa serikali. Zanzibar ina sheria zake na wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kenya imeziweka ndoa zake chini ya sheria moja ya mwaka 2014. Kote huko karatasi iliyotolewa msikitini au kanisani huonyesha kwamba sherehe ilifanyika. Kinachotafutwa na afisa ni cheti kilichoingizwa kwenye daftari la serikali. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imechapisha, nchi kwa nchi, orodha ya nyaraka inazozitambua na ofisi inayopaswa kuzitoa. Orodha hiyo ni ya bure, na kila anayeanza safari hii aisome kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, uchambuzi huu ukiwa miongoni mwao.

Ugumu mkubwa wa kwetu unaanzia kwenye talaka. Kila ndoa iliyotangulia, ya mume na ya mke, lazima ionyeshwe kuwa ilikwisha, kwa hukumu ya talaka au cheti cha kifo. Katika jamii zetu mtu anaweza kuwa ameachika kwa macho ya ukoo na ya imamu, huku bado ni mke wa mtu kwa macho ya sheria. Sheria ya 1971 haitambui kwamba ndoa iliyoko Tanzania Bara imekufa kwa talaka iliyotamkwa au kuandikwa kwenye karatasi tu. Shauri hupita baraza la usuluhishi, na mahakama ndiyo inayotoa amri. Kenya, Katiba ya 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, na hati yake ndiyo yenye uzito. Mwenye karatasi ya talaka iliyosainiwa na mume na mashahidi wawili, kisha akaolewa tena, ana tatizo ambalo halitibiwi na picha za harusi ya pili. Ndoa mpya inaweza kuhesabika batili, kwa sababu mmoja wao hakuwa huru siku ile. Dawa ni kupata amri ya mahakama, na wakati mwingine kufunga ndoa upya baada yake. Ni maumivu, lakini yanabebwa vizuri zaidi kabla ya ombi kuliko baada ya kukataliwa.

Ndoa ya mitala ina jibu fupi. Hata kama ni halali kwa sheria ya Tanzania au Kenya, Marekani haitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza bado ipo. Ndoa ya kwanza ndiyo inayohesabiwa.

Ndoa ya uwakilishi inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa imezoeleka pwani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimhesabu mtu kuwa mume au mke ikiwa wawili hao hawakuwa mbele ya mmoja na mwenzake wakati ndoa inafungwa, isipokuwa wamekutana kimwili baada ya ndoa hiyo. Kwa nikaha ya kawaida, bwana harusi akiwa msikitini na bibi harusi ndani kwao, jambo hilo halisumbui, maana jioni hiyohiyo wako pamoja. Kwa kijana aliyeko Ohio ambaye wakili wake alipokea ndoa Mombasa, mambo ni tofauti. Kukutana kwao kabla ya nikaha hakusaidii chochote katika kipengele hiki. Anahitaji safari ya baada ya nikaha, na safari hiyo ionekane: mihuri ya pasipoti, tiketi, hoteli au nyumba waliyoishi. Ombi lililowasilishwa kabla ya safari hiyo limetangulia ndoa yake.

Wapo pia waliokaa pamoja miaka kumi, wana watoto, na hawana cheti. Sheria ya 1971 ina dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, lakini dhana inayoweza kupingwa si cheti cha kuweka mezani. Wana njia mbili. Ikiwa palikuwa na ndoa ya kimila iliyokamilika, mahari ikatolewa na wazee wakashuhudia, wanaweza kuisajili kwa kuchelewa kwa tarehe yake ya kweli. Au wafunge ndoa mpya ya kiserikali. Usajili wa kuchelewa hulinda historia yao, huendana na umri wa watoto, na ndoa huonekana imevuka miaka miwili, hivyo kadi huja bila masharti. Ubaya wake ni kwamba huamsha maswali na hudai mashahidi. Ndoa mpya hutoa cheti safi kisicho na maswali, ila huwarudisha kwenye kadi ya masharti na huwalazimu kueleza kwa nini zamani walijaza fomu wakijiita wanandoa. Kwa maoni yangu, aliyekuwa na ndoa ya kimila ya kweli aisajili hiyo. Asiyekuwa nayo asijitungie. Afunge mpya na aeleze maisha yao ya nyuma kama yalivyokuwa.

Majina nayo yanaonekana madogo hadi yanapokwamisha faili. Sisi humwita mtu kwa jina lake, la baba na la babu; fomu za Marekani zinataka jina la ukoo. Binti anaweza kuwa Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa, Aisha shuleni, na kwenye pasipoti akabeba jina la babu wa upande mwingine. Mohamed, Mohammed na Muhamad ni mtu mmoja mtaani, watu watatu kwenye kompyuta. Hati ya kiapo inaeleza tofauti hizo, lakini ikiwezekana kurekebisha waraka wenyewe, marekebisho ni bora kuliko kiapo. Cheti cha kuzaliwa kilichochelewa kisiende peke yake pia: kiambatane na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha darasa la saba, chochote kilichoandikwa zamani kabla hakujawa na sababu ya kusema uongo. Na aliyewahi kufanya kazi Muscat au Dubai kwa mwaka mmoja au zaidi, akiwa ametimiza miaka 16, atatakiwa cheti cha polisi cha huko pia. Kukipata akiwa ameshamaliza mkataba na kurudi Tanga ni kazi ya miezi, kwa hiyo afuatilie mapema.

Ushahidi wa wanaoishi mbalimbali

Vyeti vikishasimama, ndipo picha zinapopata thamani. Kanuni za uhamiaji zinataja mifano ya ushahidi wa ndoa ya kweli: mali ya pamoja, mkataba wa pango wenye majina mawili, fedha zilizochanganywa, vyeti vya watoto, viapo vya watu wanaoifahamu ndoa. Orodha hiyo iliandikwa ikimfikiria mtu na mkewe walio ndani ya nyumba moja Marekani. Kumdai mkataba wa pango wa pamoja mwanamume aliyeko Dallas na mke aliyeko Mwanza, ambao sheria yenyewe ndiyo inayowazuia kuishi pamoja, si haki, na hilo lisemwe wazi.

Hata hivyo maisha yetu yana ushahidi wake, tena mzito. Taarifa za M-Pesa au za Western Union zinazoonyesha fedha zikitumwa mwezi hadi mwezi, zikiongezeka shule zinapofunguliwa, ndizo fedha zilizochanganywa za wanandoa wa Kiafrika. Kiwanja kilichonunuliwa Kibaha kwa majina mawili, mwenza aliyeandikwa kuwa mrithi kwenye bima ya maisha au mafao ya kazini, barua ya mshenga au wazee walioketi kikao cha mahari, mihuri ya pasipoti ya kila likizo: haya yana tarehe, na tarehe ndiyo lugha anayoielewa afisa. Picha kumi na tano za nyakati tofauti, zenye maelezo ya mahali, siku na waliomo, huku ndugu wa pande zote mbili wakionekana, zinashinda albamu nzima ya siku moja ya harusi. Mazungumzo yachaguliwe, kurasa mbili au tatu kwa kipindi, yatafsiriwe, na mfasiri asiwe mmoja wa wanandoa. Mwanzoni mwa faili uwekwe ukurasa mmoja wa mfuatano wa matukio: walikutana lini, posa lini, ndoa lini, safari zipi. Karatasi yoyote isiyo na mahali pake kwenye mfuatano huo ibaki nyumbani.

Mfuatano huo una faida nyingine. Majibu ambayo mwenza aliwahi kuyatoa alipoomba viza ya matembezi, ya masomo au bahati nasibu ya viza yamehifadhiwa. Aliyejiandika hajaoa mwaka 2019 ilhali cheti kinasema ndoa ni ya 2017 ataulizwa. Heri wanandoa walione wenyewe na kulieleza kwa ukweli kabla ya kuulizwa.

Kuhusu fedha, mambo ni mepesi kidogo kwa kuwa ni hesabu. Kwa fomu I-864 mdhamini aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa mwaka 2025 kiwango cha familia ya watu wawili, nje ya Alaska na Hawaii, kilikuwa dola 26,437. Asiyefikia anaweza kuongeza mdhamini wa pamoja au kutumia mali. Mdhamini wa pamoja aambiwe ukweli, maana wajibu huo haufutwi na talaka. Huendelea hadi mgeni awe raia, ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, aondoke moja kwa moja au afariki. Kumwomba shemeji saini kama fadhila ndogo ni kumdhulumu.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni kwamba vyeti vyetu ni dhaifu kwa makosa ya serikali, wala si ya wananchi, na mkimbizi aliyetoka Kivu hawezi kurudi kutafuta daftari lililoungua. Ni kweli, na sheria inalijua hilo. Inaruhusu ushahidi wa daraja la pili pale wa kwanza unapokosekana. Lakini ina ngazi zake: kwanza barua ya ofisi husika kwamba kumbukumbu hazipo, kisha nyaraka mbadala kama za kanisa au shule, na zikikosekana hizo, viapo viwili au zaidi vya watu wasio wanandoa wenye kulifahamu jambo kwa macho yao. Wengi huruka ngazi mbili za kwanza, huenda moja kwa moja kwa kamishna wa viapo, kisha hushangaa viapo vyao vinapopuuzwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukisisitiza vyeti, unawapendelea walioko mjini, waliosoma, wenye nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya mara tano. Nalikubali pingamizi hili bila kusitasita. Mfumo huu unamtoza maskini zaidi, na lawama hiyo zigawane serikali zetu zinazochelewesha usajili na serikali inayodai karatasi ambazo inajua hazitolewi kwa urahisi. Ila kukubali kwamba jambo si la haki hakumpi mwanamke wa Newala viza. Nauli ya kwenda wilayani, hata ikirudiwa, ni ndogo kuliko dola 1,305 zinazoweza kupotea pamoja na miaka miwili ya kusubiri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayefikiria kumwombea mwenza wako, usianze na fomu wala albamu. Vyeti vyako na vyake viwekwe mezani pamoja, hata kama ni kwa njia ya simu ya video, vyote: cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kila talaka, pasipoti. Visomeni jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Kisicholingana na kingine kirudi kwenye ofisi kilikotoka, kirekebishwe huko, kabla dola ya kwanza haijalipwa.